Jozi moja ya buti kwa matembezi, kazi na matope ya Rungwe: nichague ipi?

Swali – Afisa ugani, Tukuyu

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninahudumia wakulima wilayani Rungwe, ambako mvua huanza Novemba na huendelea hadi Mei, na kwa siku ya kawaida hutembea kilomita 10 hadi 12 nikipanda na kushuka kati ya migomba, chai na viazi. Mara mbili kwa wiki husimamia pia ujenzi wa josho, mahali penye misumari na mabaki ya zege. Buti nilizonunua mwaka jana zilikuwa za ngozi nzito na soli nene, na muuzaji aliniapia kwamba zilikaa ghalani miaka mingi bila kuvaliwa. Wiki ya saba soli ya kulia ilianza kumeguka kama mkate mkavu, nikarudi nyumbani nimeifunga kwa kamba ya mgomba. Gambuti ninazo, lakini kwa mwendo mrefu hunichubua visigino na miguu hulowa jasho. Nina fedha ya jozi moja tu. Nizingatie nini?

Fundi viatu, Mbeya

Pole sana, dada. Soli yako haikuchakaa, ilioza, na kiapo cha muuzaji ndicho kinachoeleza sababu. Soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa povu la poliurethani, ambalo unyevu wa hewa hulivunjavunja polepole hata kiatu kikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo buti iliyolala ghalani miaka mingi inaweza kuwa mbovu kuliko mtumba uliotoka miguuni mwa mtu juzi. Kabla ya kulipa, kunja soli na uibonyeze kwa ukucha. Ikinata, ikitoa unga au ikionyesha nyufa ndogo ubavuni, iache hapo hapo hata kama ngozi inang'aa. Soli ya mpira halisi ni nzito zaidi, lakini haiharibiki kwa namna hiyo.

Halafu tazama namna soli ilivyoungwa. Iliyobandikwa kwa gundi peke yake huachia mapema ikikaa kwenye matope kila siku. Iliyomiminwa moja kwa moja kwenye ngozi hushika vizuri, ila ikiisha kwa kawaida kiatu kimeisha nacho. Mimi napendelea iliyoshonwa kwenye ukanda unaozunguka buti, kwa sababu naweza kufumua soli kuukuu na kushona nyingine bila kugusa ngozi ya juu. Jihadhari na nyuzi za urembo: uzi wa kweli husogea kidogo ukiuchokoa kwa ncha ya sindano, wa bandia ni sehemu ya plastiki yenyewe.

Msimamizi wa usalama, eneo la ujenzi

Fundi amesema vyema kuhusu soli, lakini josho lina misumari, na msumari hauulizi kiatu kimeshonwaje. Tafuta alama ya ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, kwenye lebo, mara nyingi iko kwenye ulimi wa buti. Herufi S3 zina maana kwamba kidole kimekingwa dhidi ya pigo la jouli 200, soli ina kinga ya kuzuia kitu chenye ncha kupenya, na ngozi huchelewesha maji kuingia. S5 ina kinga hizo za kidole na soli, ila hiyo ni buti ya mpira au plastiki, yaani utarudi kwenye jasho lile lile. Jambo moja watu husahau: kofia ya kidole, yaani kinga ngumu iliyo ndani ya ncha ya buti, haitanuki kamwe, hivyo buti inayobana dukani itaendelea kubana.

Mwongoza watalii, Moshi

Naongeza hapo hapo. Kwenye mteremko vidole husukumwa mbele, na vikigonga kofia hiyo kilomita 10 mfululizo, kucha zitang'oka. Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umevimba, ukiwa umevaa soksi zako za kazi, kisha shuka ngazi. Kwa kuwa wewe ni mwanamke, kagua sana kisigino, maana buti nyingi hukatwa kwa kalibu ya kiume na huacha nafasi nyuma. Kisigino kinachopanda na kushuka ndicho chanzo cha malengelenge.

Usivutwe sana na buti zenye utando wa kuzuia maji kama Gore-Tex. Ni nzuri kwa umande na manyunyu, lakini maji yakishaingia kwa juu huchelewa mno kukauka. Katika mvua ya miezi saba, buti itakayokauka kufikia asubuhi ina thamani zaidi.

Fundi viatu, Mbeya

Nakubali, mradi isikaushwe kando ya moto, kwa kuwa ngozi itapasuka na gundi kulegea. Osha matope, jaza magazeti, weka kivulini, na upake nta ya nyuki kwenye mishono. Msitumie mafuta ya kupikia, tafadhali. Nimeona ngozi nyingi zilizolainika mpaka zikaacha kushika uzi.

Afisa ugani, Tukuyu

Ahsanteni sana. Nimeamua kutafuta S3 ya ngozi, soli ya mpira, bila utando, na gambuti zitabaki kwa siku za kuogesha ng'ombe. Jumamosi jioni nitakwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, na soksi zangu na sindano mfukoni. Fundi, nikikosa iliyoshonwa kwenye ukanda, je, unaweza kuipitishia uzi iliyobandikwa kwa gundi kabla sijaanza kuivaa?

Fundi viatu, Mbeya

Naweza, ikiwa soli ina ukingo wa kutosha kupitisha sindano na kinga ya msumari haifiki kwenye ukingo huo. Nipitie kabla hujalipa.