Nimefuga koni sneki, sasa nataka nyoka mwenye uzito: boa, chatu karpeti au chatu wa Burma?

mkia_mrefu:
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja. Nina koni sneki (corn snake, yule nyoka mwembamba asiye na sumu) dume, mtu mzima sasa, anakula vizuri, anashikika, hajawahi kunisumbua kwa lolote zaidi ya ile tabia yake ya kutafuta upenyo kila kifuniko kikikaa vibaya. Nampenda, ila sasa nataka nyoka ambaye ukimbeba unasikia kweli umebeba kitu, sio kamba. Nimekuwa nawatazama boa na chatu karpeti, alafu kuna jamaa ananishawishi nichukue chatu wa Burma, anasema wakiwa wadogo ni wapole mno na ukimlea mwenyewe anakuzoea hadi uzeeni. Nafasi ninayo ya kizimba cha urefu wa mita 1.8, upana sentimita 90 na kwenda juu sentimita 90, zaidi ya hapo hakuna. Naishi na mwenzangu, nyoka haogopi ila kumshika hataki hata kusikia.
Kwa mtu anayetoka kwenye koni, yupi hapo hatanishinda? Na kipi nilichozoea kwa koni ambacho kwa hawa wakubwa hakifanyi kazi?

BabaMagamba:
Karibu mkuu. Huyo wa Burma mtoe kwenye hesabu leo leo. Akitoka kwenye yai ana kama nusu mita, mzuri, macho makubwa, kila mtu anampenda, alafu anakula kama amelogwa na ndani ya miaka michache jike anapita mita 3 huyo bado anaendelea. Akikomaa mita 4 hadi 5 ni kawaida na kilo 50 anaweza kufika, kizimba chako atakilalia chote na mkia utakosa pa kwenda. Jamaa yako hajadanganya kuhusu upole, ni wapole kweli, lakini shida ya nyoka wa uzito ule sio hasira, shida ni ile sekunde moja akidhani mkono wako ni sungura. Hakuna mtu mmoja wa kumbandua. Na chakula chake ni hao hao sungura, sio panya wa kwenye friza yako.
Kaangalieni yaliyotokea Everglades, yale maeneo ya kinamasi kule Florida, chatu wa Burma waliotoroka na walioachiliwa na wafugaji wamezaana porini na wanamaliza wanyama wa kule, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuwaingiza nchini. Wengi walioachiliwa walikuwa wa watu wenye mawazo kama ya huyo jamaa, "wakiwa wadogo ni wapole".

Chukua Boa imperator (aina mojawapo ya boa) dume. Nasisitiza DUME, maana watu wanauliza aina gani wanasahau kuuliza jinsia. Dume wa imperator mara nyingi anaishia mita 1.5 hadi 1.8 hivi, jike anaenda mita 2 na kitu na ni mnene kuliko huyo dume mara mbili. Kizimba ulichotaja kinamtosha dume vizuri. Usichanganye na Boa constrictor wenyewe wale wa Amerika Kusini wenye mkia mwekundu, wale wanakua zaidi na matumbo yao ni ya kubembelezwa. Ukiona hata imperator ni mkubwa, kuna wale wadogo wa visiwa vya Cayos Cochinos huko Honduras, wanakuwa wembamba na rangi yao inabadilika kati ya mchana na usiku, nyoka watamu sana kuwatazama.
Ila jua anaishi miaka 20, na 30 wapo wanaofika. Hapo ndio ujiulize.

fundi_vizimba:
Mkuu hapo juu kamaliza la aina, mimi naongelea lile swali la pili maana ndilo watu hawaulizi.

Kwanza kula. Koni anameng'enya haraka, umemlisha siku chache baadae keshasafisha tumbo na anakuangalia tena kwenye kioo. Boa hana haraka iyo. Boa mkubwa ukimlisha kila wiki kama koni unamjaza mafuta, na utamjua: mkia ule kabla haujawa mwembamba unakuwa kama umevimba na akijikunja ngozi inatengeneza mikunjo pembeni. Mtu mzima wiki tatu mpaka nne kwa mlo mmoja inatosha kabisa, na panya asizidi unene wa sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Kukaa wiki mbili bila kunya usipaniki, kwa boa ni kawaida. Akitapika, usimlishe tena haraka ili kufidia, mwache wiki mbili au zaidi tumbo lipone, na ukimrudia anza na kitu kidogo.

Pili joto na unyevu. Koni anakusamehe mengi. Boa anataka upande wa joto nyuzi 30 hadi 32, upande wa baridi kama 25, na unyevu asilimia 60 na kuendelea. Kosa kubwa ni kumpa unyevu bila joto, boksi linakuwa baridi na maji maji, hapo ndipo anaanza kupumua kwa mluzi na mapovu mdomoni, ukifika hapo ni daktari wa mifugo anayewajua nyoka, sio dawa za kusomasoma. Kila chanzo cha joto kiwe na thermostati (kifaa cha kudhibiti joto), KILA kimoja, na taa izungushiwe wavu kwa nje maana boa atajikunja juu ya balbu na kuungua bila kutoka, sijui kwa nini hawatoki ila hawatoki.

Tatu, koni anatoroka kwa kupenya, boa anatoroka kwa kusukuma. Kioo cha kuteleza bila kufuli ni mapambo tu. Na ukimwekea tawi au kishubaka cha kupumzikia kifunge kwa skrubu kwenye ukuta wa kizimba, usiegeshe, kilo tano sita zikiangukia bakuli la maji utasikia hadi chumba cha pili.

malkia_karpeti:
Naona karpeti mmempitia kama hayupo 😂 ngoja nimtetee. Ni wa Australia na Guinea Mpya, wa kupanda, mwembamba kuliko boa kwa urefu ule ule, wengi wanacheza mita 1.8 hadi 2.5 inategemea ni wa eneo gani. Kwa mtu anayependa kumwangalia nyoka akifanya kitu, karpeti hana mpinzani, usiku anazunguka kizimba kizima wakati boa kalala tu kama mzigo uliosahauliwa. Lakini dada yenu siwafichi, wakiwa wachanga wanagonga, yaani wanarusha kichwa kutaka kuuma. Wanagonga mkono, wanagonga koleo la kulishia, wanagonga kioo. Wengi wanatulia wakikua.

Ukimchunguza midomo utaona vijitundu vimejipanga chini na pia kwa mbele, hivyo ndivyo vinasoma joto. Koni hana hivyo. Sasa wewe umezoea kufungua boksi na kuingiza mkono kumchukua, kwa karpeti mkono wako ni kitu cha moto kinachotembea gizani na kina harufu ya panya uliyetoka kumyeyusha. Kwa hiyo kabla ya kumshika mguse taratibu shingoni au mgongoni kwa ndoano ya nyoka (fimbo yenye ncha iliyopinda), mguso mmoja laini, kichwa kinarudi nyuma, ulimi unaanza kutoka polepole, hapo ameelewa sio chakula. Akibaki ameganda na shingo imejikunja S, funga mlango nenda kanywe maji. Hii fanya hata kwa boa.
Na akikuuma usivute mkono! Meno yamepinda kuelekea ndani, ukivuta unajichana mwenyewe na kumvunja meno. Tulia, mwagia maji ya baridi, ataachia.

mkia_mrefu:
Aisee asanteni, Burma nimemfuta. Karpeti ananivutia lakini huyu mwenzangu akimwona anagonga kioo nitahama mimi. Naelekea kwa boa dume. Sasa kama mwenzangu hataki kushika, naweza kumhudumia peke yangu? Na nikimleta nimuweke chumba kimoja na koni?

BabaMagamba:
Dume wa mita 1.5, 1.6 unamudu peke yako. Kanuni wanayoshika wafugaji wengi ni kwamba nyoka akizidi mita 2.5 hivi awepo mtu wa pili karibu, lakini mimi nasema hata kwa huyo wako siku ya kumlisha mwenzako awepo nyumbani, sio lazima ashike, ajue tu. Mfundishe kitu kimoja: nyoka akijizungushia unamfungua kuanzia MKIANI, sio kichwani. Mkiani hana nguvu ya kubishana na wewe. Na usimvae shingoni, hata akiwa mtoto, hiyo ni tabia mbaya ya picha za mtandaoni.

Chumba kimoja na koni hapana, sio mwanzo. Karantini (kumtenga) miezi mitatu, chumba tofauti, koleo tofauti, na umhudumie koni kwanza ndipo boa, usirudi nyuma. Utitiri unaonekana, ni vidoti vyeusi kwenye bakuli la maji na kwenye mikunjo ya macho. Cha kuogopa kwa boa ni ule ugonjwa wa virusi unaoitwa IBD, nyoka anaweza kuubeba muda mrefu anaonekana mzima, tiba haina. Kipimo kipo, daktari atakuchukulia sampuli.

fundi_vizimba:
Naongezea moja. Mnunue aliyezaliwa kizimbani, asiwe wa kukamatwa porini, na mwambie muuzaji amlishe ukiwepo, panya wa kugandishwa aliyeyeyushwa, sio hai. Akisema "juzi tu kala" rudi siku nyingine. Jinsia usikubali ya mdomo. Tazama zile kucha ndogo pembeni ya tundu la kinyesi, za dume kwa kawaida ni ndefu na zimepinda, za jike fupi hata hazionekani vizuri, lakini kwa mtoto inachanganya kwa hiyo apimwe na mtu anayejua. Ukinunua "dume" akaja kuwa jike, kizimba chako cha 1.8 kinakuwa kidogo na wewe umeshamzoea.

mkia_mrefu:
Sawa mkuu. Kizimba naanza kukiunda kwanza na thermostati niiache ikimbie wiki mbili kitupu nione joto linashika wapi, nyoka baadae.