Biskuti za kwilti ya mshelisheli: kijani kinavujia kwenye nyeupe

Upishi_Mtamu: Wadau, kuna oda ya biskuti zenye mchoro wa mshelisheli wa Hawaii (ʻulu), kwa mtindo wa kwilti zao (mablanketi ya kushonwa yenye mchoro wa kitambaa kilichokatwa): kijani juu ya duara jeupe la sentimita 9. Kijani kinavujia kwenye nyeupe, na jani linafanana na la mpapai. Aisingi ni gramu 500 za sukari laini kwa ute wa mayai matatu. Nirekebishe wapi?

FundiAisingi: Anza na maji. Ute wa mayai matatu makubwa unakaribia gramu 100, ni mwingi. Pima gramu 75, kisha ongeza maji kijiko kidogo kimoja kimoja. Aisingi ya kujazia, ukiikata kwa kisu, alama ifutike baada ya sekunde 12 hivi. Ya mistari isifutike kabisa. Nyeupe ikauke usiku mzima mbele ya feni. Ngozi ya juu ikikauka lakini ndani pakabaki pabichi, rangi itapenya tu, hata usubiri vipi baadaye. Kijani kizito tumia rangi ya jeli, si ya maji, na uchanganye mapema: kinakolea chenyewe kwa saa kadhaa. Ukikimbilia kuongeza rangi, aisingi inalegea na haikauki vizuri.

Mama Vitumbua: Dada, la mpapai mishipa yake inatawanyika kutoka pale kikonyo kinapoingia. La mshelisheli lina mshipa mmoja wa katikati, na ndimi zinatoka pande zote mbili zikielekea nchani. Kata nafasi kati ya ndimi hadi nusu ya njia kuelekea mshipa, usiufikie. Mishipa ichore kwa kijani cha njano baada ya jani kukauka. Ukiichora jani likiwa bichi inazama.

KaratasiNaMkasi: Kwilti zile kitambaa hukunjwa sehemu nane, kikakatwa mara moja. Fanya hivyo kwa karatasi upate kiolezo, ukwaruze mipaka kwa sindano safi. Ila kwa sentimita 9 majani manane yatabanana. Weka manne, na matunda manne kati yake. Ganda la tunda lichore vipande vya pembe tano au sita, na nukta katikati ya kila kimoja. Halafu zungushia mchoro mistari myeupe myembamba inayofuata ukingo wake, kwa nafasi ya milimita 3. Hiyo ndiyo inayofanya ionekane kwilti, usiiache.

FundiAisingi: Na kwenye unga usitie bekingi pauda. Biskuti ikiumuka, uso unapinda na mistari hiyo haikai sawa.