9.6 ikawa 6.9: mfumo mpya wa hospitali, kunakili kule kule kwa mkono

Assalaam alaykum jamaa. Naandika nina hasira, mnistahamilie.

Wiki iliyopita nimempeleka bi mkubwa hospitali, huku huku Pemba. Jina silitaji. Kapimwa wingi wa damu, mashine ikatoa 9.6. Kijana wa maabara akainakili kwenye kikaratasi, maana mashine haizungumzi na kompyuta yoyote. Kikaratasi kikapelekwa chumba cha pili, dada akaingiza kwenye ule mfumo wa mtandaoni uliokatiwa utepe juzi kwa mbwembwe. Daktari kufungua skrini yake, anaona 6.9. Aongezwe damu!

Tukapiga simu Wete, Mkoani, mpaka kwa shemegi aliyekuwa juu ya mkarafuu. Wanaume wanne washakunja mikono ya mashati, ndipo kijana wa maabara akapita akauliza, "Mbona mimi niliandika 9.6?" Kikaratasi kutafutwa, kishatupwa. Bi mkubwa akatobolewa tena.

Dada yule simlaumu. Majibu hayo hayo anayaandika mara tatu: daftarini, kwenye mfumo wa zamani, kwenye huu mpya. Nani hakosei saa nane mchana?

Nilipouliza, nikaambiwa eti mashine ni za zamani, haziunganishiki. Uongo mtupu! Mimi nala kwa kutengeneza kompyuta. Nyuma ya mashine ile kuna tundu la waya, limejaa vumbi. Ndiko majibu yanakotokea. Mashine nyengine hutoa majibu kwa lugha ya maabara iitwayo ASTM, nyengine HL7, lugha ya hospitali iliyopo tangu miaka ya themanini: mistari ya maandishi iliyotenganishwa kwa vijiti vya wima, basi. FHIR, mdogo wake wa kimtandao, toleo la mwanzo lilitoka 2014. Kinachotakiwa ni mkalimani wa kukaa katikati, apokee ya zamani, aigeuze, aipeleke mtandaoni. Programu za bure za kazi hiyo zipo. OpenHIM imetengenezwa Afrika Kusini, si mwezini.

Na usalama msinitajie. Kompyuta ya maabara ni Windows XP, Microsoft waliiacha mkono tangu Aprili 2014. Hiyo kweli isiguse intaneti hata dakika moja. Ndiyo kazi ya mkalimani: XP ibaki ndani, izungumze naye peke yake. Intaneti ikikatika, na huku nani haijui, majibu yanapanga foleni kwake yakingoja irudi. Siku hizi tunaopanga foleni ni sisi, kwenye mabenchi.

Pesa ya vishikwambi vipya na fulana za uzinduzi imepatikana. Waya na kompyuta moja ya kuweka katikati, "bajeti hairuhusu."

Bi mkubwa anarudi kliniki Jumatatu. Nimemwandikia 9.6 kwa wino mwekundu nyuma ya kadi yake, na nimemwambia asimpe mtu, aishike mwenyewe.