Naomba ushauri: kutoka Lamu hadi Kiwayu kwa njia ya ndani

Ndugu zangu wenye uzoefu wa bahari,

Mimi na jamaa zangu tunapanga kusafiri mwezi Februari kwa mashua ya tanga yenye injini ndogo ya akiba, kutoka Lamu hadi Kiwayu, tukilala chomboni. Tungependa kupita mlango wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, kisha upande wa ndani wa kisiwa cha Pate, ili tuwaepushe wazee wetu na mawimbi ya bahari kuu.

Linalonitatiza zaidi ni maji. Je, ni afadhali kwenda wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), ambapo maji hujaa sana Mkanda lakini hupwa sana pia na mkondo huwa mkali, au wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ambapo hatari ya kupwelewa (kukwama maji yakipwa) usiku tukiwa tumetia nanga hupungua, ingawa huenda tusipate kina cha kutosha kuingia Siyu, mji ulio Pate, kupitia mikokoni? Nahodha tuliyezungumza naye anapendelea bamvua. Mimi, kwa kuwa mkuku (uti wa chini) wa mashua yetu hushuka chini kiasi, bado nina shaka.

Vilevile naomba kuelekezwa mahali pa kutia nanga upande wa ndani wa Kiwayu penye mchanga au tope, si matumbawe, kwani kisiwa hicho kimo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga. Na kwa kuwa upepo wa Kaskazi utatuvumia usoni, mnashauri tung'oe nanga alfajiri kila siku, au tuahirishe safari hadi maleleji, kipindi cha pepo kubadilika?