Mgombea anataka tulime mbono ili tujitegemee kwa mafuta. Tumwulize nini kabla ya kutoa shamba?

Katibu_Isyonje
Wakuu, habari za wakati. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi huku Isyonje, Mbeya. Mgombea ubunge mmoja amepita kijijini kunadi sera, na kubwa kwake ni nishati. Anasema dizeli yote tunaagiza nje, kwa hiyo hatujitegemei. Dawa yake ni kulima mbono kaburi (jatropha), mti ambao mbegu zake zinatoa mafuta, kijengwe kiwanda cha kukamua, matrekta na mashine za kusaga zitumie mafuta yetu wenyewe. Ameomba vikundi vitenge ardhi.

Hoja imenigusa. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, ikitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi tunatafuta mstari wa Mbeya, na uko juu ya Dar kwa sababu lori limepanda kilomita zaidi ya 800. Mashine ya kikundi inatumia dizeli. Bei ikipanda, kusaga debe kunapanda siku hiyohiyo na akina mama ndio wanaolia. Wanachama wengine wanataka tutoe ekari tano. Anarudi wiki ijayo kuchukua jibu. Nishaurini.

Mkulima_wa_Uporoto
Mkuu, msitoe. Mbono ni mmea wa joto. Baridi ya Juni na Julai huko kwenu mnaijua wenyewe, mpaka majani ya viazi yanaungua kwa jalidi. Watawaambia unavumilia ukame. Ni kweli, unavumilia, lakini kuishi si kuzaa. Ukitaka mbegu za maana utataka maji, mbolea na ardhi nzuri, yaani ardhi ileile ya viazi. Tena mbegu zina sumu, mashudu yake, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, huwezi kumpa ng'ombe. Kisarawe wanavijiji walitoa ardhi kwa mradi mkubwa wa mbono, mradi ukafa, wao wakabaki wanahangaikia ardhi yao. Muulize: nani ananunua, kwa bei gani, na mwaka wa kwanza mpaka mti uzae tutakula nini?

Mama_Mufindi
Kamwene katibu. Mimi nia yake siipingi, kujitegemea ni jambo la maana sana. Ila nyanda zetu hizi nguvu yake ni maji. Huku Mufindi kuna mtambo wa mto Mwenga, megawati 4, tangu 2012 unawasha vijiji na ziada inauzwa TANESCO, shirika la umeme. Hakuna shamba la mtu lililogeuzwa kuwa mafuta. Mgombea wenu aulizwe ana mpango gani na mito ya Rungwe na ile inayoshuka Uporoto. Mashine ya kusaga ikipata mota ya umeme, habari ya bei ya dizeli kwenu imeisha.

Ruaha_Yetu
Muulizeni na bonde la Usangu. Maji ya Ruaha Mkuu yanatoka huko, ndiyo yanazungusha Mtera megawati 80 na Kidatu 204, kisha yanaingia Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere. Mbunge wa Mbeya anayezungumzia nishati bila kutaja vyanzo vya maji, mimi simwelewi. Na jotoardhi ya mlima Ngozi, yaani joto la ardhini la kuzalisha umeme, iko hapo juu ya vichwa vyenu, hajaigusa?

Katibu_Isyonje
Ngozi hakuitaja kabisa. Nashukuruni sana, hili la mbegu kuwa na sumu hakuna aliyelijua kwenye kikao. Shida ya mota ni moja: nguzo zimefika ila umeme ni wa njia moja (single phase), fundi anasema mota ya mashine yetu inataka njia tatu (three phase).

Mama_Mufindi
Basi hapo ndipo pa kumbana, kaka yangu. Itisheni kikao, muhtasari wenye ombi la umeme wa njia tatu uandikwe na kusainiwa, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri. Nakala moja ipelekwe kwa meneja wa TANESCO wa wilaya, nyingine mkabidhi mgombea mbele ya watu. Msingoje uchaguzi upite, na wagombea wengine nao wapeni nakala hiyohiyo.