Mrejesho: steki na chipsi za nyumbani

Wakuu salaam, nliuliza nawezaje kupika steki nene na chipsi kama za restoranti bila nyama kuwa ngumu kama soli, sasa mrejesho huu hapa.

Nlichukua fileti, bucha akanikatia nene kama inchi moja na nusu, nikaipaka chumvi usiku nikaiacha kwenye friji bila kufunika, kesho yake uso umekauka kabisa na hapo ndo penye siri maana nyama yenye majimaji inachemka tu haishiki rangi. Kikaango cha chuma kikapata moto mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi, nikawa naigeuza kila baada ya dakika hivi, mwishoni siagi, kitunguu swaumu na rozmari (majani ya kiungo yenye harufu), namwagia juu kwa kijiko. Kipimajoto nilichochoma katikati ya nyama kiliposoma nyuzi 54 za Selsiasi nikaepua, ikatulia kwanza ndo nikakata.

Chipsi nlikaanga mara mbili, kwanza nyuzi 150 zilainike, zikapoa, halafu 180, aisee zinalia ukiuma!

Wife huwa hagusi nyama yenye wekundu ndani ila hii kamaliza yote. Aliyenishauri kukaanga mara mbili Mungu akubariki sana mkuu.