Nimechoka na kazi kiwandani, wakubwa wanasema nadeka. Naombeni ushauri

Mdada wa Igoma
Habari wakuu. Nina miaka 29, nipo kitengo cha ubora kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina naomba nihifadhi. Kazi naijua na mwanzo niliipenda kweli, ila siku hizi simu ya kazini ikilia tu moyo unanilipuka, nikifika nasaini fomu za joto la samaki hata sijali zimeandikwa nini, nikirudi nalala na nguo naamka nimechoka vilevile. Samaki wakiwa wengi tunabanwa mpaka usiku, wakiadimika vibarua wanarudishwa getini na sisi tuliobaki tunabebeshwa kazi zao. Bado grupu la WhatsApp, bosi anatuma kitu saa tano usiku na anataka majibu.

Kinachoniuma zaidi ni wakubwa wetu. Nikisema nimechoka naambiwa "nyie watoto wa siku hizi mmezidi kudeka, sisi tumekata minofu na mimba kubwa tumboni". Lakini mama huyohuyo, ana hamsini na kitu, juzi nimemkuta chumba cha kubadilishia nguo kasinzia kwenye benchi, buti moja mguuni jingine kalishika mkononi. Nilivyomshtua akaniomba nisimwambie mtu. Na dogo mmoja wa kupaki, katoka chuo mwaka huu, alienda kula mchana ndo mpaka leo, hata mshahara hajafuata. Niombe likizo, niache au nivumilie? Mkopo bado nakatwa.

Ngosha Mtulivu
Vumilia dada, ajira hakuna. Njoo Mwaloni Kirumba alfajiri uone watu wanavyobeba magunia ya dagaa halafu utuambie nani kachoka.

Mama Kulwa
Ngosha hapo umechemka. Wa magunia akilala anaamka mzima, huyu analala na haamki mzima. Mimi ni nesi. Shirika la Afya Duniani 2019 lilitambua hali hii, kwa Kiingereza burnout, halikuiita ugonjwa, lilisema inatokana na msongo wa kazini uliokosa kushughulikiwa: nguvu zinakuishia, kazi unaichukia au unaiona haikuhusu, na unaona hufanyi tena la maana. Mdogo wangu, soma tena ulichoandika. Ila kapime kwanza, upungufu wa damu na shida ya tezi ya shingo navyo vinachosha hivyohivyo. Na ukianza kuwaza kufa usisubiri hata kesho, hospitali ya Bugando wana kitengo cha afya ya akili.

Mzee wa Nyegezi
Mwanangu mimi nina 57, naisubiri 60 nistaafu. Tunaposema mnadeka mara nyingi tunajificha. Wewe ukimwambia bosi umechoka atakuona mvivu, mimi nikimwambia ataona muda wangu umefika. Hata huo mfumo mpya wa kompyuta, nasubiri bosi atoke ndo namwita kijana anielekeze kimyakimya. Huyo mama muongeleshe, ila pembeni, asiaibike mbele ya watu.

Afisa Utumishi mstaafu
Usiache kazi kwa hasira kama huyo dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ova taimu ni kwa makubaliano na isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, inalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Daktari akikuandikia mapumziko, una siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zingine nusu. Omba kwa maandishi, baki na kopi. Suala la saa nendeni kundi zima, wakubwa kwa wadogo, akienda kijana peke yake ndo hayo ya kudeka.

Ngosha Mtulivu
Sawa nimekubali yaishe. Likizo ikitoka panda meli nenda Ukerewe, simu iache Mwanza 😂

Mdada wa Igoma
Asanteni sana wote. Barua ya likizo nimeshaandika, kupima naenda wiki hii. Yule mama nimemgusia leo kwenye haisi, akakaa kimya weeee, tunakaribia kushuka ndo anauliza hizo 45 na za usiku zimo?

Afisa Utumishi mstaafu
Zimo, ukishavuka 45 ni ova taimu. Na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mwambie aanze kuziandika kwenye daftari, tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka.